Kujikinga na Moto wa Nyika ni Katika Amana

KHUTBA YA KWANZA

Shukurani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeumba maji na moto akavitiisha vyote viwili kwa manufaa ya binadamu. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehma na amani zimshukie yeye, ahali zake, sahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani hiyo ndiyo akiba bora ya safari.

Ndugu zetu Waislamu, mliomo misikitini na mnaotusikiliza majumbani, mazungumzo yetu ya leo yanahusu moto wa nyika, na wajibu wa kila mwenye nyumba kuitayarisha nyumba yake na watu wake kabla moto huo haujamfikia.

Moto ni neema. Katika Sura ya Yasini tunakumbushwa kuwa Mola wetu ndiye aliyetutolea moto katika mti mbichi, na katika Sura ya Al-Waqia ameutaja kuwa ni ukumbusho na ni manufaa kwa wasafiri. Kwa moto tunapika, tunaota na tunafua chuma. Lakini neema yo yote isiyochungwa hugeuka nakama. Mabwana Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Musa Al-Ashari kuwa nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Alipopewa habari hiyo, Bwana Mtume (S.A.W.) aliwafahamisha watu kuwa moto ni adui yao, na akawaamuru wauzime wanapokwenda kulala. Tutazame hekima yake. Hakutosheka na kutoa pole. Alichukua msiba wa nyumba moja akaufanya fundisho kwa nyumba zote mpaka leo. Nasi tunataka kuufuata mwendo huo huo.

Kila mwaka mvua zinapokwisha na kusi ikaanza kuvuma, majani yaliyokuwa mabichi hunyauka. Kuanzia mwezi wa Juni mpaka Oktoba, sehemu kubwa ya nyika yetu huwa kama kuni zilizotandazwa juani, zikingoja cheche moja tu. Na cheche hiyo, katika nchi zetu, mara nyingi hutoka katika mkono wa mtu. Mkulima anasafisha shamba kwa kiberiti badala ya jembe. Mlina asali anafukiza mzinga kisha anakiacha kienge chini. Mchoma mkaa analiacha tanuru bila mlinzi. Mfugaji anataka majani mapya, mwindaji anataka kumtoa mnyama kichakani, mpita njia anatupa kipande cha sigara. Na mama wa nyumbani anamwaga jivu jalalani akidhani limepoa, kumbe ndani yake mna kaa jekundu linalongoja upepo.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jioni ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika mlima Kilimanjaro, katika njia ya Marangu, baina ya vituo vya Mandara na Horombo. Wenye dhamana ya hifadhi walisema siku zile kuwa dalili za awali zilielekea kwenye moto wa kupashia chakula cha wageni wapanda mlima. Mamia ya watu, wakiwamo wanafunzi na wanavijiji, walipanda kuuzima kwa matawi na majembe, na uliwaka kwa siku nyingi. Mpaka unadhibitiwa, ulikuwa umeunguza yapata kilomita za mraba 95. Chakula cha watu wachache kilipata moto, na msitu unaowanywesha maji watu wa bondeni ukapata hasara.

Na wenzetu wa nchi nyingine wamefikwa na makubwa zaidi. Huko Ugiriki, tarehe 23 Julai 2018, moto ulishuka kwa upepo mkali juu ya mji mdogo wa Mati ulio ufukweni, wakafa watu zaidi ya 100, na baadhi yao walikutwa wamezingirwa hatua chache tu kutoka baharini, kwa kuwa hawakuijua njia ya kuteremkia. Huko Marekani, tarehe 8 Novemba mwaka huo huo, mji wa Paradise katika jimbo la California uliteketea katika muda wa saa chache, wakafa watu 85, wengi wao wazee, na barabara za kutokea zikajaa magari yasiyoweza kwenda mbele wala nyuma. Nchini Algeria, mwezi wa Agosti 2021, moto katika milima ya Kabylie uliua watu yapata 90, wakiwamo wanajeshi waliokwenda kuokoa wenzao. Na tarehe 8 Agosti 2023, katika kisiwa cha Maui, moto ulitoka katika majani makavu yaliyoota kwenye mashamba ya zamani, ukaubeba mji wa Lahaina, wakafa watu yapata 100, na ving'ora vya hatari havikulia.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ukiyakusanya masaibu haya utaona kuwa upepo haukuwa katika uwezo wa mtu. Lakini njia isiyojulikana, mzee asiye na wa kumchukua, majani yasiyofyekwa na onyo lisilotolewa, hayo yote yamo katika uwezo wetu. Na hayo ndiyo tutakayoulizwa.

Hapa tunakutana na neno linalosemwa sana vijijini na mijini. Mtu akiambiwa afyeke kando ya nyumba yake hujibu: "Lililoandikwa halifutiki, kama nimeandikiwa kuungua nitaungua." Neno hili lina sura ya imani, na ndani yake mna uvivu. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), alipokuwa njiani kwenda Sham na kufika pahala paitwapo Sargh, alipata habari ya tauni, akaamua kurejea na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) akamwuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Naye akamfahamisha kuwa wanaitoka kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu, na akampigia mfano wa mchunga ngamia achaguaye baina ya ukingo wenye malisho na ukingo mkavu. Basi moto ni kadari, na jembe ni kadari, na miguu ya kukimbilia ni kadari vile vile. Bwana Mtume (S.A.W.), ambaye hapana aliyemtegemea Mola wake kuliko yeye, alivaa deraya mbili siku ya Uhud. Na aliyemwuliza juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Kama ingekuwa ucha Mungu peke yake unatosha kuwa ngao ya moto, wa kwanza kusalimika wangekuwa mahujaji. Lakini tarehe 15 Aprili 1997, katika uwanja wa Mina, mahema yalishika moto na upepo ukayapitia moja baada ya moja, wakafa mahujaji wapatao 343 wakiwa katika ibada tukufu. Tunawaombea shahada kwa Mola wao. Na wenye dhamana ya Hija waliyabadili mahema yakawa ya kitambaa kisichoshika moto upesi, na mitungi ya gesi ikakatazwa. Hivyo ndivyo Waislamu wanavyotakiwa kufanya: kusema Inna lillahi, kisha kuziba ufa.

Jambo la pili tunalotaka kulikumbusha ni haki ya jirani. Katika kijiji kimoja tulichopata kusomesha, mtu mmoja alichoma shamba lake la mihogo saa ya adhuhuri, upepo ukivuma. Moto ukaruka mpaka, ukaingia katika mikorosho ya jirani yake iliyokuwa imeanza kutoa maua. Miti ile ndiyo iliyokuwa ikimlipia mjane yule ada za watoto na kumnunulia nguo za Idi. Mchomaji alikuja mbele ya wazee akasema kuwa upepo ni wa Mungu. Wazee wakamjibu kuwa upepo ni wa Mungu, lakini kiberiti kilikuwa chake. Akatakiwa alipe kwa misimu, naye akalipa.

Hukumu ile ilikuwa sawa. Wanazuoni wetu wa fiqhi wameeleza kuwa mtu akiwasha moto katika milki yake kwa namna ya kawaida bila ya kupuuza, kisha ukavuka kwa jambo lisilotazamiwa, halaumiwi. Lakini akiuwasha wakati wa upepo mkali, au akauwasha mkubwa kupita haja yake, au akauacha bila mlinzi, basi huyo amefanya taksiri, na dhamana ya kilichoharibika i juu yake. Msingi wake ni mafundisho ya Bwana Mtume (S.A.W.) kuwa haifai mtu kudhuru wala kulipizana madhara. Na dhamana hiyo haifutwi kwa swala wala kwa funga, kwani ni haki ya mja. Mwenye kuona ni uzito kulipa mikorosho duniani, afikiri itakuwaje kuilipa kwa mema yake Akhera. Tena serikali nayo imeweka sheria. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 ina masharti juu ya kuchoma majani na mapori, na kuifuata ni katika kutii wenye mamlaka kwa jambo jema.

Basi mwenye dharura ya kuchoma na achome mapema, majani yakiwa bado yana unyevu, asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia. Apate ruhusa ya serikali ya kijiji, awaarifu majirani, alime kwanza ukanda mtupu kuzunguka shamba, awe na watu na maji, na asiondoke mpaka jivu limepoa mkononi.

Ama nyumba zetu, tuzitayarishe kama ifuatavyo. Kwanza, tufyeke majani makavu kuzunguka nyumba kiasi cha mita 10 au zaidi, na karibu kabisa na ukuta pasiwe na kitu cho chote kiwezacho kuungua. Moto hauwezi kula pasipo chakula. Kuni, mabua, magunia ya mkaa na rundo la makuti ya akiba visiegemezwe ukutani wala visiwekwe chini ya upenu. Madumu ya petroli na mafuta ya taa yawekwe mbali na mlango.

Pili, tuitazame paa. Watu wengi hudhani kuwa nyumba huunguzwa na ulimi wa moto unaoonekana ukija. Mara nyingi huunguzwa na cheche, ambazo upepo huzirusha mamia ya mita mbele ya moto wenyewe. Cheche moja juu ya makuti yaliyokauka inatosha. Hata nyumba ya bati haisalimiki ikiwa majani makavu yamejaa katika mifereji yake, au ikiwa pana mianya chini ya paa ambamo cheche zaweza kuingia darini. Mwenye nyumba ya makuti awe na ngazi imara na maji tayari, na mwenye uwezo wa kuezeka upya afikiri juu ya bati au vigae.

Tatu, tuweke vyombo. Pipa la maji lisilokauka wakati wa kiangazi, ndoo za mchanga, majembe, mapanga na matawi mabichi ya kupigia moto ukiwa bado mdogo. Moto uliofika magotini hupigwa. Moto uliopita kimo cha mtu hukimbiwa.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuwatayarishe watu. Kila mwenye nyumba akae na ahali zake siku moja baada ya Isha, waulizane: Tukiamshwa usiku na moshi, tunatokea mlango gani, na huo ukizibwa tunatokea wapi? Nani atambeba bibi asiyeweza kutembea? Nani atamshika mtoto mchanga, na nani atahesabu watoto? Tunakutana wapi? Pahala pa kukutania pawe peupe: uwanja wa mpira, shamba lililolimwa, mchanga wa mto mkavu, au pahala palipokwisha kuungua. Hati ya shamba, vyeti vya watoto, dawa za mgonjwa na fedha kidogo vitiwe katika mfuko mmoja unaojulikana na wote. Wanyama wasiachwe kambani. Kuikata kamba ni sadaka.

Na tuondoke mapema. Mali hurudi, roho hairudi. Asirejee mtu ndani kwa ajili ya redio au godoro. Wala asikimbilie mlimani, kwani moto hupanda mteremko kwa kasi kubwa kuliko ushukavyo. Avae nguo za pamba, si za nailoni ambazo huyeyuka mwilini. Penye moshi ainame, kwani hewa safi iko chini. Nguo zikishika moto asikimbie. Alale chini ajiviringishe. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe mafuta, wala unga, wala dawa ya meno, kisha apelekwe hospitali. Na aliye Tanzania akumbuke kuwa nambari ya simu ya Zimamoto ni 114, naye awafundishe watoto wake nambari hiyo kama alivyowafundisha Alhamdu.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume Wake mwaminifu.

Enyi Waislamu, yamebaki mambo ya dini ambayo tumeona ni lazima tuyabainishe, kwa kuwa kutoyajua kwaweza kuponza roho.

La kwanza: sasa hivi wanaume wa mji wamo msikitini. Ikiwa moto utazuka saa hii, ni nani aliyeko nyumbani? Ni mama, watoto na wazee. Basi mafunzo tuliyoyataja yasibaki msikitini humu katika vichwa vya wanaume. Mke na binti wajue pipa liko wapi, njia ya kutokea ni ipi na simu hupigwa vipi. Anayewaficha elimu hii amewaacha bila silaha.

La pili: stara ya mwanamke ni wajibu, lakini haikuwekwa iwe sababu ya kufa. Mwanamke aliyeamshwa na moto asikawie ndani akitafuta buibui. Atoke na alivyo, naye mwanamume atakayemwona ainamishe macho na amsitiri kwa nguo yake. Bora zaidi, litundikwe leso moja karibu na mlango kila nyumba, liwepo siku zote. Na mjane aliyemo katika eda, ambaye sheria imemwamuru akae katika nyumba yake, anaruhusiwa kutoka akihofia moto, mafuriko au kuangukiwa na nyumba. Wanazuoni wamelitaja jambo hili wazi katika vitabu vyao. Asidanganyike na mtu amwambiaye kuwa subira ni kukaa.

La tatu: aliye katika swala akasikia ukelele wa mtu anayeungua, naye anaweza kumwokoa, ni wajibu juu yake aikate swala yake akamwokoe, kisha arejee aiswali. Swala hulipwa, roho ikipotea hailipiki.

La nne: Bwana Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa aliyekufa kwa moto ni katika mashahidi. Hiyo ni bishara kwa wafiwa, ipoze mioyo yao. Lakini shahada ya aliyekufa haimwondolei hesabu aliyewasha moto kwa kupuuza, wala baba aliyejua hatari akanyamaza. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichochungishwa. Na katika Sura ya At-Tahrim tumeamriwa tujikinge nafsi zetu na ahali zetu na Moto wa Akhera. Je, aliyekabidhiwa kuwakinga watoto wake na Moto ule asiouona, ataacha kuwakinga na huu auonao ukifuka moshi nyuma ya kilima?

Tunawausia maimamu na walimu wa vyuo: kabla ya kiangazi kuingia, wakusanyeni watu wa mtaa siku moja, mfyeke kuzunguka msikiti, chuo na makaburi, kisha mfyeke kwa wajane na wazee wasio na nguvu. Kuondoa lenye kuudhi njiani ni katika tanzu za imani. Seuze kuondoa linaloweza kuteketeza mtaa mzima. Na anayeuona moto mdogo asipite akisema si wangu. Moto hauulizi shamba la nani.

Ewe Mola wetu, tuhifadhi na moto wa dunia na Moto wa Akhera. Walinde watoto wetu, wazee wetu, mashamba yetu na misitu unayotunywesheza kwayo. Wape nguvu na salama wanaopambana na moto kwa ajili ya wenzao. Warehemu waliokufa kwa moto, waponye waliojeruhiwa, na wape badali iliyo bora waliopoteza makazi yao. Tuteremshie mvua ya rehma, isiyo ya adhabu wala ya kubomoa. Tujaalie tuwe wenye kuchukua hadhari kisha tukakutegemea Wewe, wala usitujaalie kuwa wenye kughafilika. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema Zake. Simamisheni swala.